Matone au sindano ya polio: kinga inakaa muda gani na nani anahitaji kurudia

Kila wakina dada wa chanjo wakipita mitaani huku Tanga na vile vibegi vyao vya barafu, iwe Makorora, Mabawa au Duga, maswali ni yale yale mawili. Mama anasimama mlangoni na mtoto kiunoni anauliza "huyu si kamaliza zote kliniki, matone ya nini tena?" Na baba mwenye nyumba aliyekaa barazani anadakia "kwani sisi tulipewa lini, mbona hatujaitwa kurudia?" Wifi yangu kanipigia juzi na yote mawili kwa mpigo, kaniambia "wifi hebu nieleze taratibu, mi naona wananichanganya, huyu anasema chanjo ni ya maisha, yule anasema inaisha, sasa mtoto nimpe au nimwache?"

Wote wawili wana ukweli wao, ndo maana watu hawaelewani. Sisi tunaongea kinga ya polio kama kitu kimoja kumbe ziko mbili, moja iko kwenye damu na nyingine iko kwenye utumbo, na hazikai muda sawa. Ukishazitenganisha hizo mbili basi kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Kirusi cha polio kinaingia kwa mdomo, maji machafu, mikono isiyonawiwa, chakula, halafu kinakaa kwenye utumbo kinazaliana na kutoka na choo. Watu wengi zaidi ya nusu hawasikii hata homa. Kati ya watu 200 walioambukizwa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mmoja ndo anapooza bila kupona, na hiyo ni pale kirusi kikitoka tumboni kikapanda mpaka kwenye mishipa ya fahamu. Kwahiyo kinga ya damu kazi yake ni kukikata njiani kisifike kwenye uti wa mgongo, yani inakulinda wewe usipooze. Kinga ya utumbo kazi yake ni kukizuia kisizaliane pale pale tumboni, yani inamlinda jirani yako, shimo lenu la choo na mtaa mzima. Hapo ndo tunaweza kuziweka chanjo zenyewe mbili zikae ubavu kwa ubavu.

Matone ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kazi ya Albert Sabin, ilianza kutumika sana miaka ya mwanzo ya 1960. Mtoto anadondoshewa matone 2 mdomoni, basi. Sindano ni kirusi kilichouliwa kabisa, ya Jonas Salk, iliruhusiwa Marekani 1955, inapigwa kwenye paja. Hapa Tanzania mtoto anayepelekwa kliniki ya serikali anapata vyote, matone anapozaliwa (ndani ya siku 14), tena wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na hiyo wiki ya 14 anaongezewa sindano. Kwahiyo ule ubishi wa ipi bora kuliko mwenzie kwetu hauna maana sana maana hakuna anayekulazimisha uchague moja, cha kuangalia ni mwanao kakosa nini.

Tuanze na damu. Sindano hapa inaongoza. Mtu akipata dozi 2 za sindano uwezekano wa kulindwa asipooze ni kama asilimia 90, akipata 3 ni asilimia 99 na zaidi. Matone nayo yakikubali yanatoa kinga ya damu nzuri na ya kudumu, ila neno ni hilo, yakikubali. Kwenye nchi za baridi na maji safi dozi 3 za matone zinawashika karibu watoto wote, ila kwenye nchi za joto kama kwetu na India zinashika wachache zaidi, maana utumbo wa mtoto wa huku una mambo mengi, kuna virusi vingine vinagombania nafasi, kuna kuharisha, lishe nayo. India walikuwa na watoto waliopewa matone mara nyingi na bado wengine wakapooza, na ndo maana walirudia rudia kampeni mpaka mgonjwa wao wa mwisho wa polio ya asili (ile ya kirusi chenyewe cha mtaani, sio cha kutokana na chanjo) mwaka 2011.

Hili nataka lieleweke maana hapa ndo watu wengi wanateleza. Mtoto akipewa matone ya kampeni wakati kadi imejaa, haimaanishi yale ya kwanza yame-expaya. Ni kama kupanda mahindi, unaporudia shimo hufanyi hivyo kwa sababu mbegu ya kwanza imekufa, unarudia kwa sababu kuna mashimo hayakuota kabisa na ukiwa umesimama kwa juu hujui ni yapi. Hakuna muuguzi anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua matone yalikubali au la, kipimo cha damu kipo lakini nani atampimia kila mtoto wa Ngamiani, kwahiyo ni rahisi zaidi kumpa tena kila mtu.

Sasa ikishaota inakaa muda gani? Kwenye damu, zile askari za mwili zinazopigana na kirusi zinapungua miaka michache ya mwanzo halafu kasi inapoa na zinabaki kwa kiwango cha chini kwa miaka mingi mno, na hata zikishuka sana mwili una kumbukumbu, ukikutana na kirusi tena unaamka ndani ya siku chache. Watu wazima waliochanjwa utotoni wakipimwa miongo kadhaa baadae wengi wao bado wanazo, kwa kawaida kinga ya polio aina ya tatu (aina ziko 3, nazieleza huko mbele) ndo inakuwa dhaifu kuliko wenzie. Idara ya magonjwa ya Marekani, CDC, hawajaweka namba ya miaka, wanasema tu kwamba aliyekamilisha dozi zake ana ulinzi wa miaka mingi. Kwa mtu wa kawaida tafsiri yake ni kwamba kama ulikamilisha na zikakubali, usilale macho wazi kwa kuogopa kupooza eti kwa sababu una miaka 45.

Kwenye utumbo hadithi ni nyingine kabisa. Hapa matone yanaongoza, maana yanapita njia ile ile ya kirusi chenyewe kwahiyo utumbo unajifunza. Lakini kinga hii haikai, inaanza kulegea ndani ya miezi na baada ya mwaka hivi imeshapungua sana, mtoto anaweza kuambukizwa tena bila kuumwa na akakitoa kirusi kwenye choo, ingawa kwa muda mfupi na kwa kiasi kidogo kuliko ambaye hajachanjwa kabisa. Sindano peke yake kwa mtoto ambaye hajawahi kuonja matone kwenye utumbo inafanya kazi ndogo sana. Mfano mzuri ni Israel. Wao walihamia kwenye sindano tupu mwaka 2005, watoto wao wamechanjwa vizuri tu, halafu 2013 maji taka yakaanza kuonyesha kirusi cha polio ya asili kinazunguka, miezi inapita, na hakuna hata mtoto mmoja aliyepooza. Damu zao zilikuwa salama ila utumbo unakipitisha kama kawaida. Ikabidi warudi kugawa matone kwa watoto waliokwisha pigwa sindano zote.

Na kuna kitu kimoja kizuri ambacho watu hawakijui. Mtoto aliyeanza na matone halafu akaja kupigwa sindano, ile sindano inaiamsha mpaka kinga ya utumbo, hii ilijaribiwa India na ikaonekana inaamsha vizuri kuliko hata kumwongezea matone mengine. Kwahiyo ule mpangilio wetu wa matone kwanza, sindano wiki ya 14, una akili yake. Sababu nyingine ya kungoja wiki ya 14 ni kwamba mtoto anazaliwa na kinga ya kuazima kutoka kwa mama, inapungua kila mwezi, na ikiwa bado nyingi inaizuia sindano isifanye kazi yake sawasawa.

Nikimfupishia wifi, ukitaka kujua nani anadumu zaidi kumlinda mtoto mwenyewe asipooze basi wote wawili wanadumu, sindano ina uhakika zaidi wa kukubali. Ukitaka kujua nani anamzuia asilete kirusi nyumbani ni matone, ila ndo hayo yanayolegea mapema.

Sasa kabla hujaamua angalia mwaka aliozaliwa mtoto, na mi naona hili ndo la muhimu kuliko yote na halisemwi. Polio ina aina 3, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kinga ya moja haikusaidii kwa nyingine, hata mzee aliyeugua akabaki na mguu mwembamba alikuwa amejikinga na aina ile moja tu. Matone ya zamani yalikuwa na zote 3. Mwezi wa nne 2016 dunia nzima ikatoa aina ya pili kwenye matone, kwa sababu ile ya asili ilishatangazwa kutokomezwa 2015, na matone ya kawaida mpaka leo yana ya kwanza na ya tatu tu. Aina ya pili sasa mtoto anaipata kwenye sindano. Tatizo sindano hapa kwetu imeanza kutolewa 2018.

Kwahiyo aliyezaliwa kabla ya 2016 na akakamilisha, ana zote 3. Aliyezaliwa kuanzia 2018 na sindano ikaonekana kwenye kadi, anazo zote 3 pia. Wale wa katikati, waliozaliwa baada ya mabadiliko na kabla sindano haijafika, kliniki walihudhuria vizuri tu, kadi imejaa, mama hakukosea popote, lakini aina ya pili hawakuipata kliniki. Na aina ya pili ndo inayosumbua Afrika sasa hivi. Mwaka 2023 mkoani Rukwa alipatikana mtoto aliyepooza kwa aina ya pili iliyotokana na chanjo, na kampeni ya mwezi wa tisa mwaka huo kwenye mikoa 6 (Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya) haikuishia watoto wa chini ya miaka 5 kama tulivyozoea, ilipanda mpaka chini ya miaka 8. Watu walishangaa mtoto wa shule anadondoshewa matone kama kichanga. Piga hesabu, 2023 ukitoa 8, utaona walikuwa wanamtafuta nani.

Hapo kwenye "iliyotokana na chanjo" najua mtu ataruka. Ndio, ni kweli, na wanaoficha hili ndo wanaozidisha uvumi. Kirusi hai cha kwenye matone kinatoka na choo, na kwenye mtaa ambao watoto wengi hawajachanjwa kinaweza kuzunguka mtu hadi mtu kwa muda mrefu mpaka kinajibadilisha na kupata tena nguvu ya kupoozesha. Kwenye mtaa uliochanjwa vizuri hakipati pa kwenda kinakufa. Na mtoto mwenyewe aliyepewa kupooza kwa ajili ya matone inatokea, ila ni kama mara moja katika dozi za kwanza milioni 2 na laki kadhaa. Matone mapya ya aina ya pili yaliyotumika kule Rukwa yametengenezwa kirusi chake kiwe kigumu kugeuka. Mtoto anayejulikana kazaliwa na upungufu mkubwa wa kinga mwilini, huyo matone hapana, sindano tu, na daktari wake atakuwa ameshakuambia.

Kuna wenye uwezo wanaopeleka watoto hospitali za kulipia wanapigwa ile sindano ya mchanganyiko, moja ina donda koo, pepopunda, kifaduro na polio humo humo, mtoto anapunguziwa kulia. Kwa damu hawa wako vizuri sana, pengine kuliko wa kwetu, dozi 3 za sindano sio mchezo. Ila kama hawajawahi kupewa matone utumbo wao uko kama ule wa watoto wa Israel. Mimi ningekuwa na mtoto wa namna hiyo na naishi mji wenye bandari, na Horohoro ipo kilomita 60 na kitu, mabasi ya Mombasa yanaingia kila siku, kampeni ikipita ningemtoa nje haraka apewe matone. Kenya nao 2013 walipata wagonjwa 14 wa polio ya asili kule kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab na maeneo ya jirani, mpaka haujawahi kuwa ukuta. Malawi ilikuwa hivyo hivyo, Afrika imetangazwa haina polio ya asili mwezi wa nane 2020, kufika mwanzoni mwa 2022 Lilongwe wanatangaza mtoto kapooza na kirusi chenye asili ya Pakistan.

Kwahiyo kwa wenye watoto chini ya miaka 5, jibu langu ni mpe. Kadi imejaa mpe, kapewa kampeni iliyopita mpe, kapewa jana kliniki mpe, hakuna idadi ya matone inayozidi. Ananyonya, mpe. Ana mafua, mpe. Akiyatema pale pale mwambie mhudumu arudie, wala hatakasirika. Asiyekuwa na alama ya sindano ya polio kwenye kadi, huyo kampeni haimtoshi, mpeleke kituo cha afya na kadi mkononi, iwe Ngamiani au Pongwe, waangalie wamwongezee nini, na hakuna kuanza upya, wanaendelea walipoishia hata kama imepita miaka.

Na ukiwa pale mlangoni omba uione chupa. Watu wanabishana chanjo inakaa miaka mingapi mwilini wakati imeharibikia kwenye kibegi. Kwenye lebo au kifuniko cha ile chupa ndogo ya matone kuna duara la rangi ya zambarau, katikati yake kuna kimraba cheupe. Joto likiingia kile kimraba kinaanza kuwa cheusi taratibu. Kikiwa bado cheupe kuliko duara, dawa ni nzima. Kikifanana na duara au kikawa cheusi zaidi, hiyo inatupwa, hata kama tarehe yake bado. Kwa hili jua letu la mwezi wa pili, saa nane mchana, mtu katembea toka asubuhi na barafu imeshakuwa maji, si dhambi kuuliza. Nimewahi kuona dada mmoja anaulizwa hivyo na bibi mmoja wa Kwaminchi, akatoa chupa akaielekeza kwenye mwanga akamwonyesha, bibi kavaa miwani kabisa, kaangalia, akasema "haya mpe mjukuu wangu." Wale dada wanapenda ukiuliza, wanajua umeelewa. Sindano yenyewe shida yake ni kinyume, ikiganda ndo imeharibika, ila hiyo haiji mlangoni iko kwenye friji ya kituo.

Tuje kwa watu wazima, yule baba wa barazani. Mtu mzima aliyechanjwa utotoni, anaishi Tanga, hasafiri kwenda kwenye mlipuko, hahitaji kurudia. Huo ndo ukweli na ndo maana hamuitwi, sio mmesahaulika. Mtu mzima asiyejua kama alichanjwa au aliyekosa kabisa huyo ni tofauti, na asijidanganye kwamba polio ni ya watoto. Mwaka 2010 Congo Brazzaville walipata mlipuko, kitovu chake Pointe-Noire, mji wa bandari kama huu wetu, na wengi waliougua walikuwa vijana wa zaidi ya miaka 15, vifo vikawa vingi kupita ilivyozoeleka, maana polio ikimpata mtu mzima inampiga vibaya kuliko mtoto. Walikuwa ni wale waliokosa chanjo miaka ya vita na kuvurugika kwa huduma. Wao sio kwamba kinga iliisha, hawakuwahi kuwa nayo. Mtu wa hivyo sindano ndo yake, dozi 3, za mwanzo mbili zikiachana mwezi mmoja au miwili na ya tatu baada ya miezi 6 hadi 12.

Wasafiri ni kundi mojawapo la watu wazima waliochanjwa ambao kurudia kuna maana. Anayekwenda kukaa kwenye nchi yenye polio, Pakistan na Afghanistan ndo zilizobaki na ile ya asili, ila za aina ya pili ni nchi nyingi za Afrika, dozi 1 ya sindano ukubwani inamtosha, haitakiwi kila safari. Akishakaa huko zaidi ya wiki 4, kutoka kwake wanaweza kumdai dozi iliyopigwa kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya kuondoka, na hapo hawajali utotoni ulipewa ngapi, maana wanachotaka ni utumbo wako uamshwe upya usibebe kirusi, damu yako haiwahusu. Na mahujaji pia, Saudi Arabia huwa inadai cheti cha polio kwa wanaotokea nchi ilizoziorodhesha, orodha inabadilika mwaka hadi mwaka, kwahiyo mjomba anayejiandaa na Hijja aulize mapema kwenye taasisi inayompeleka, akiambiwa inahitajika ahakikishe imeandikwa kwenye ile kadi ya njano ya chanjo za wasafiri pamoja na tarehe na mhuri. Asingoje wiki ya mwisho, wiki 4 zikipungua cheti kinaweza kukataliwa dirishani na ndege ikamwacha.